Nyanya zangu sasa zinasimama kwa miguu ya bilinganya

Mlioniambia "mwagia maji zaidi" minyanya yangu iliponyauka, kaeni pembeni kwanza. Kila masika ikikolea hapa Tabata, minyanya yangu ilikuwa inaanza na adabu zote: majani mazito, maua, hata vitunda vya ukubwa wa gololi. Halafu mchana mmoja ncha zinalegea. Usiku zinainuka, unalala na matumaini. Kesho zinalegea zaidi, na baada ya hapo ndiyo basi. Mche unakufa ukiwa kijani kibichi, jani la njano hulioni.

Ushauri niliopewa ungejaza gunia. Jirani akasema magadi. Mwingine majivu. Muuza pembejeo mmoja akaniuzia dawa ya ukungu kwa bei ya kuku mzima, nikapuliza mpaka majani yakawa ya bluu, na minyanya ikafa ikiwa imepakwa rangi. Mama mkwe yeye alisema kuna mtu ana husuda. Angalau yeye hakunitoza hela.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja bwana shamba mstaafu. Aliomba glasi ya maji safi, akakata shina la mche uliolegea, karibu kabisa na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Akakishika, ncha imezama kidogo kwenye maji. "Tulia mwanangu, usitikise meza." Dakika chache tu, kwenye mkato ukaanza kutoka uzi mweupe, mwembamba, unateremka taratibu kama moshi wa udi uliopinduliwa juu chini. Nilisisimka. Hao ndio bakteria wa mnyauko, Ralstonia solanacearum. Wanaziba mishipa ya maji, mche unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye matope. Wanakaa kwenye udongo na wanasafiri na maji, kwa hiyo ukizidisha kumwagilia unawapa nauli. Dawa ya kupuliza haiwafikii. Kipimo hicho cha glasi ni bure, kifanye kabla hujafungua pochi.

Wataalamu wanasema hama: panda mahindi misimu kadhaa, kaa mbali na nyanya, viazi mviringo na pilipili. Sawa, lakini bustani yangu ni uwanja wa nyuma ambao Noah mbili zikiegeshwa umejaa. Nihamie wapi?

Ila kwenye tuta lile lile la mauti kulikuwa na mbilinganya ulioota wenyewe, umepita masika mbili bila kutetereka. Mzee akaucheka, akasema jibu ninalo nyumbani. World Vegetable Center, wale wenye makao Taiwan na kituo Arusha, wamefundisha miaka mingi kubebesha nyanya juu ya bilinganya, yaani kuunganisha kikonyo (sehemu ya juu ya mche wa nyanya) kwenye shina lenye mizizi la bilinganya, kwa sababu hiyo hiyo, na wana aina yao iitwayo EG203 inayovumilia mnyauko na maji yaliyotuama. Dukani sikuipata. Nikatoa mbegu za mbilinganya wangu mwenyewe, maana si kila bilinganya lina ubishi huo, na huu nilikuwa nimeuona kwa macho.

Mbegu za bilinganya zitangulie za nyanya siku chache, zinajivuta. Mashina ya miche yote miwili yakifika unene wa milimita 2 hivi, wembe mpya, mkato wa mshazari. Hapo hakuna maajabu. Kazi iko kwenye kibanio cha kushikilia kiungo. Video zinaonyesha vibanio vya silikoni vinavyotoka ng'ambo. Mrija wa juisi unapwaya. Utepe wa gundi ukiuvua unaondoka na ngozi ya mche. Nikiwa kwa fundi baiskeli namsubiri azibe pancha, nikaona kile kipira chembamba cha valvu. Mwenyewe! Mia tano nikapata kipande cha kutosha mtaa mzima. Unakata vipande vya sentimita moja, unapasua ubavu, unavisha nusu kwenye shina la bilinganya, unachomeka kikonyo cha nyanya mpaka mikato ibusiane. Mpira unakamata bila kubana, na shina likinenepa unaachia wenyewe. Fundi bado anadhani nina baiskeli nyingi.

Video hizo hizo zinasema funika na nailoni, weka penye mwanga. Mwanga wa kwao huko labda. Kwa jua la Dar la Februari, kundi la kwanza liliiva kwa mvuke, likatoa harufu ya mchuzi. Kundi la pili likakaa chini ya kitanda: beseni lenye maji kidogo, miche juu ya matofali, ndoo nyeusi imefunikwa juu yake. Aliyosema mke wangu siyaandiki. Wiki hivi gizani, kisha mwanga kidogo kidogo. Kama robo tatu ikashika.

Hatari iliyobaki ni wasaidizi. Shemeji alikuja kututembelea, akaona kiungo kiko juu ya udongo, akanihurumia, akarundikia udongo mche mmoja mpaka katikati. "Nyanya inatoa mizizi shinani, hujui?" Najua sana! Ndiyo balaa lenyewe: ikitoa mizizi yake juu ya kiungo, imeshakutana na wale wale bakteria na bilinganya halina la kufanya. Mche ule ndio pekee uliolegea. Nilimwita shemeji, nikaleta glasi, nikamkalisha autazame ule uzi mweupe mpaka mwisho. Machipukizi ya bilinganya chini ya kiungo nayo yakwanyue mapema, yana tamaa.

Masika iliyopita maji yalisimama bustanini mpaka vifundoni, na niliendelea kuchuma hadi majirani wakawa wanatuma watoto na vibakuli. Vuli ijayo napanda tena tuta lile lile, kwa makusudi kabisa. Wasiwasi wangu sasa ni kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, ambaye hajali mche umesimama juu ya mizizi ya nani. Mwenye mbinu naye aseme, mradi ameijaribu kwenye nyanya zake mwenyewe.