Unyevu wa masika na mayai ya kuchi

Karatasi ya maelekezo iliyokuja na mashine yangu ya kutotolesha vifaranga inaagiza mifereji yote miwili ya chini ijazwe maji tangu siku ya kwanza, bila kuuliza mashine iko mji gani wala ni mwezi gani. Hapa Kigamboni, Dar es Salaam, mwezi wa Aprili, wakati nguo zilizoanikwa barazani zinalala na kuamka zikiwa bado mbichi, agizo hilo halifai, na suala hili la unyevu ndilo linalonifanya niendelee kuyapenda mambo ya kuku hata katika wiki ambazo kunguru wanachukua vifaranga mchana kweupe mbele ya macho yangu.

Mimi si mfanyabiashara wa kuku. Ninafuga kuku wachache wa aina za kuchi na kishingo uani kwa kujifurahisha, na mashine niliinunua kwa sababu mitetea wangu wa kuchi ni wazito, wana miguu mirefu, na kila wanapoinuka kwenda kula huacha yai moja au mawili yamepasuka. Joto halikuwahi kunisumbua sana: mashine ina feni, kidhibiti kinashikilia nyuzi 37.5 za Selsiasi, na umeme ukikatika kwa muda mfupi mayai yenyewe hubaki na joto lake iwapo mfuniko haukufunguliwa. Kinachotaka akili ni maji.

Ganda la yai lina vitundu vidogo kwa maelfu, na katika siku zote 21 za kuatamia maji hutoka kupitia humo kidogo kidogo. Hayo si hasara. Yai linatakiwa lipoteze takriban asilimia 12 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18, ili mfuko wa hewa ulio upande butu upanuke na kifaranga apate pa kuvutia pumzi zake za kwanza kabla hajadonoa ganda. Hewa ya mashine ikiwa na unyevu mwingi mno, mfuko huo hubaki mdogo, kifaranga huvimba kwa maji, hukosa nafasi ya kujigeuza, na mara nyingi hufa akiwa amekamilika manyoya na kucha; mtu akilivunja yai hilo hukuta ute umemjaa puani. Unyevu ukiwa mdogo mno, kifaranga hutoka mdogo na dhaifu, au utando wa ndani humkaukia mwilini akashindwa kujinasua. Mafundi wengi mtaani huita yote mawili mayai viza na kumlaumu jogoo, jambo ambalo naliona ni dhuluma kwa jogoo, kwani yai lisilo na mbegu hujulikana mapema likimulikwa kwa tochi gizani, kwa kuwa huonekana jeupe tupu bila mishipa ya damu.

Kiwango cha unyevu kinachoandikwa kila mahali ni asilimia 45 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo. Ila hewa inayoingia kwenye mashine tayari ina maji yake. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ikipashwa moto hadi nyuzi 37.5, hushuka yenyewe hadi karibu asilimia 49, yaani pale pale panapotakiwa, na mifereji iwe mikavu kama ilivyotoka dukani. Shemeji yangu anafugia Dodoma, na wakati wa kiangazi, hewa ya huko ikiwa na nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 45, ikiingia kwenye mashine ya aina ile ile hubaki na asilimia 18 hivi. Yeye asipojaza maji atapata vifaranga waliokauka kama dagaa. Tumekuwa tukitumiana picha za vipimo kwa simu, na kila mmoja akifuata ushauri wa mwenzake angeharibu mayai yake.

Kwa hiyo mimi siku hizi naliamini yai zaidi ya kipimo cha unyevu. Nina mizani ya jikoni inayosoma gramu, na napima trei nzima badala ya yai moja moja, kwa kuwa tofauti ya siku moja katika yai moja ni ndogo mno kuonekana. Tuchukue mfano wa mayai 30 yenye jumla ya gramu 1,260: kufikia siku ya 6 yanapaswa kuwa karibu 1,205, siku ya 12 karibu 1,150, na siku ya 18 karibu 1,096. Yakishuka kwa kasi kupita hapo naongeza maji, yakichelewa napunguza. Kinachoongeza unyevu ni upana wa uso wa maji, si kina chake, hivyo kujaza mfereji hadi ukingoni hakuna faida kuliko kuujaza nusu. Kitambaa kilicholowa kilichotandazwa hufanya kazi kubwa zaidi.

Vipimo vya bei nafuu navyo vina uongo wake. Namna ya kuvijaribu ni kuweka chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo, iwe kama tope, ndani ya kifuniko cha chupa, kisha kukifungia pamoja na kipimo katika mfuko usiopitisha hewa kwa saa kadhaa. Kipimo kizima kitasoma asilimia 75. Kikisoma 68, unajua upungufu wake ni saba na unautia katika hesabu.

Siku ya 18 mambo hugeuka. Naacha kuyageuza mayai, naongeza maji hadi unyevu ufike asilimia 65 hadi 70, na sifungui mfuniko tena. Hapo ndipo watoto wa nyumbani wanaponisumbua, maana mlio ukisikika ndani ya ganda kila mtu anataka kusaidia, ilhali kutoka tundu la kwanza hadi kifaranga kujitoa kunaweza kupita saa 12 hadi 24, na kila mfuniko unapofunguliwa mvuke hutoka na utando huanza kukauka. Matundu ya hewa nayaacha wazi hata hivyo, kwa sababu kifaranga anayehangaika anahitaji hewa safi kuliko wakati wowote.

Trei iliyomo sasa iko siku ya 12, na imepungua gramu 80 tu mahali pa 110. Mvua haijakata tangu Jumapili. Mifereji ni mikavu tayari, kwa hiyo nimefungua matundu yote ya juu na kuihamisha mashine kutoka stoo hadi chumba chenye upepo kidogo, na keshokutwa nitapima tena.