Jumamosi ya Fainali, Saint Paul

Machi 2018, Chuo Kikuu cha Minnesota Duluth kiliingia kwenye mashindano ya ubingwa wa taifa wa hoki ya barafuni ya vyuo vya Marekani kwa tofauti ya 0.0001. Timu zinazoingia hapo ni 16. Mabingwa wa ligi huingia moja kwa moja, wengine hupangwa kwa hesabu ya matokeo ya msimu mzima, na mwaka ule nafasi ya mwisho ya hesabu iligombewa na Duluth na ndugu yao mkubwa na tajiri, Chuo Kikuu cha Minnesota, chenye uwanja wake pale Minneapolis. Duluth wakapita. Mzee niliyekuwa nikimhudumia aliitaja tofauti hiyo kila asubuhi nikimvisha soksi. "Moja ya elfu kumi!" alisema, na kucheka kwa ule upande wa uso uliokuwa bado unamtii.

Nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, kaskazini mwa Minneapolis, karibu na Brooklyn Park ambako Wakenya ni wengi na unga wa ugali haukosi dukani. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru. Yeye alikuwa wa Hibbing, mji wa migodi ya chuma huko kaskazini ya Minnesota, na alifanya kazi mgodini hadi kustaafu. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto, lakini ulimi na kumbukumbu vilikuwa salama. Nilimwambia mapema kwamba mtu wa umri wa baba yangu simwiti kwa jina lake, nitamwita Mzee, naye akakubali.

Barafu ya kuchezea niliyokuwa nimeiona kabla ya hapo ni ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, nilipopelekwa na binamu zangu wa Nairobi. Tulishika ukingo tukazunguka kidogo, basi. Hoki yenyewe alinifundisha Mzee, mbele ya televisheni, majira yote ya baridi. Vipindi vitatu vya dakika 20. Wachezaji watano na kipa kila upande, wakigombea kwa magongo kisahani cheusi cha kufungia mabao. Hakuna anayecheza mfululizo: mtu hukimbia kwa nguvu zake zote kwa muda usiofika dakika moja, kisha huruka ukuta wa pembeni mwa uwanja kwenda kuhema na mwenzake huruka kuingia, saa ikiendelea kwenda. Anayecheza rafu hufungiwa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili na wenzake hubaki wanne. "Usikitazame kile kisahani cheusi," alikuwa akiniambia. "Watazame wasio nacho." Baada ya hapo nilianza kuuona mchezo.

Na alinifundisha historia, kwa sababu kwake mambo hayo hayakutengana. Mwaka 1984 Duluth walicheza fainali Lake Placid, New York, dhidi ya Bowling Green. Walikuwa mbele, dakika zimekwisha karibu zote, kisahani kikagonga ukuta na kuruka upande ambao hakuna aliyeutarajia, kipa akiwa ametoka langoni. Wakasawazishiwa. Wakaenda muda wa nyongeza, na mwingine, na mwingine, na katika wa nne wakafungwa, 5-4. Mzee alisikiliza redioni jikoni kwake, na rafiki yake wa mgodini alikuwa amesafiri hadi Lake Placid kuiona kwa macho. Kombe la kwanza lilikuja 2011, Saint Paul, mji jirani na Minneapolis, kwa bao la Kyle Schmidt dhidi ya Michigan katika muda wa nyongeza. Halafu 2017, Chicago, wakapoteza fainali kwa Denver, 3-2, na wengi wa wachezaji wale wakaondoka. Waliobaki walipewa mabeki watano wa mwaka wa kwanza, watoto wa shule hasa, na kuambiwa waanze upya. Ndiyo maana ile 0.0001 ilimgusa sana Mzee. Hakutaka watu waiite bahati.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo naona watu wengi wa kwetu hawalijui, ni kwamba timu ile haikuwa ya mastaa waliokusanywa kutoka mbali. Nahodha, Karson Kuhlman, alitoka Esko, kijiji cha nje ya Duluth. Kipa, Hunter Shepard, alitoka Cohasset, mwendo wa chini ya saa moja kutoka kwa Mzee. Scott Perunovich, beki mfupi mwenye miguu ya ajabu, alikuwa wa Hibbing kabisa, na Mzee alipomtaja aliongeza "wa kwetu" kila mara, kama vile sisi tunavyosema mkimbiaji fulani ni wa Nyahururu. Nilikuwa nimedhani hoki ni mchezo wa wenye pesa. Huko kaskazini, baba anamwaga maji uani usiku wa Desemba na asubuhi watoto wana uwanja.

Hatua ya kwanza ya mashindano walicheza Sioux Falls, South Dakota. Hakuna marudiano, ukifungwa mara moja, umeaga. Waliwatoa Minnesota State katika muda wa nyongeza, wakawatoa Air Force 2-1, na hapo wakawa wamefika Frozen Four, ile wikendi ya timu nne za mwisho. Safari hii ilikuwa Saint Paul, katika ukumbi wa Xcel Energy Center. Nusu fainali ilikuwa Alhamisi, tarehe 5 Aprili. Tuliitazama chumbani kwa Mzee. Duluth walifunga mawili mapema na kuwashika Ohio State hadi mwisho, 2-1. Mechi ya pili, Notre Dame na Michigan, ilikuwa 3-3 na sote tukajua inakwenda nyongeza, ndipo Jake Evans akaifungia Notre Dame zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema hao ndio watu wa kuogopwa.

Binti yake alikuwa amenunua tiketi za fainali, ya kwake na ya baba. Ijumaa mchana alinipigia simu: amebanwa kazini, na kwa kweli yeye hawezi kumhamisha baba yake kutoka kitini hadi chooni peke yake, je, ningekubali kwenda mimi? Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni, habari ikaja kutoka Saskatchewan, Kanada. Basi la Humboldt Broncos, timu ya hoki ya vijana wa miaka 16 hadi 20 au zaidi kidogo, lilikuwa njiani kwenda Nipawin kwa mechi ya mchujo. Kwenye njia panda, lori kubwa halikusimama. Idadi iliendelea kupanda usiku kucha na siku zilizofuata, hadi ikafika watu 16: wachezaji, kocha, dereva, mtangazaji wa redio, na wengine waliokuwa na timu. Wengine 13 walijeruhiwa.

Nilipoingia zamu Jumamosi asubuhi nilimkuta Mzee ameamka muda mrefu. Televisheni ilikuwa imezimwa. Hapo ndipo aliniambia jambo ambalo hakuwahi kulitaja: kwamba kwa majira mengi ya baridi, akitoka mgodini, alikuwa akiendesha basi la timu ya shule ya Hibbing. Duluth na kurudi, usiku, theluji ikipiga kioo, vijana ishirini na kitu nyuma yake, wamelala na mabegi miguuni. Alisema alikuwa akihesabu vichwa kwenye kioo cha juu. Hakuwahi kupata ajali. Alilisema hilo akilia, na mimi nilikaa kitandani pake nikamshika ule mkono wenye nguvu.

Kwa sababu aliniambia lake, nami nikamwambia langu. Miezi mitatu tu nyuma, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana Migaa, karibu na Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Walikufa watu 36. Dada yangu alinipigia simu kabla sijasikia popote, ili niisikie sauti yake kwanza, maana njia ile ni yetu, tunaipita tukienda ukweni kwake. Mzee aliniuliza barabara ina upana gani, mteremko uko wapi, malori yanabeba nini. Aliuliza kama dereva anayemuuliza dereva. Nilimweleza kila kona.

Nilimuuliza kama bado anataka kwenda. Akaniangalia kwa mshangao. "Wale vijana walikuwa wanakwenda kwenye mechi," akasema.

Tuliondoka mapema na gari lenye njia ya mteremko ya kupandishia kiti cha magurudumu. Aprili ile bado ilikuwa baridi ya kuuma, na barabara za katikati ya Saint Paul zilikuwa zimejaa watu waliovaa kila rangi, si za timu mbili za fainali tu. Wapo wanaokuja kila mwaka, timu yao iwepo isiwepo. Mahali petu palikuwa juu ya viti vya chini, safu ya viti vya magurudumu na kiti kimoja cha kawaida pembeni cha msindikizaji. Ukumbini walikuwamo zaidi ya watu 18,000. Kabla ya mechi tuliombwa tunyamaze kwa ajili ya Humboldt, na umati wote ule ukanyamaza. Nilitazama wachezaji wamepanga mstari. Wengi wao walikuwa wamepitia timu za vijana kama ile kabla ya kufika chuoni, wakiishi katika nyumba za familia za watu na kusafiri kwa mabasi ya namna ile. Mmoja alikuwa ameinamisha kofia yake ya chuma hadi kwenye gongo. Mzee alikuwa akitikisa midomo. Nadhani alikuwa akihesabu.

Kisha wakaanza, na naomba niseme wazi: sijawahi kuona watu wakicheza kwa bidii namna ile. Kuhlman alifunga kipindi cha kwanza. Jared Thomas, kijana wa Hermantown, karibu kabisa na Duluth, akaongeza la pili kabla ya mapumziko. Mzee alinipiga paja kwa mkono wake wa kulia mpaka nikasikia maumivu siku iliyofuata. Upande wa pili alikuwapo Cale Morris, kipa aliyetangazwa bora kuliko wote vyuoni msimu ule, na bila yeye Notre Dame wangekuwa wameshalala. Kipindi cha pili Duluth wakaadhibiwa, wakabaki wanne, na Andrew Oglevie akafunga. 2-1.

Muda wa dawa za saa mbili usiku uliangukia kwenye mechi. Nilizitoa na maji mazito ya kikombe, maana Mzee alikuwa akipaliwa na maji ya kawaida, na mama mmoja mwenye jezi ya Michigan akatushikia blanketi bila kuombwa.

Kipindi cha tatu ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote, ingawa hakuna aliyefunga. Sote tulikuwa na zile sekunde 5.2 za Alhamisi kichwani. Duluth hawakurudi nyuma kujificha. Walikibana kisahani pembeni, huko mbali na lango lao, wakakisukuma ukutani, wakakigombea, wakapoteza, wakakirudia. Perunovich alikuwa akizunguka na adui mgongoni kana kwamba barafu ni yake peke yake. "Watazame wasio nacho," nikajiambia, na nikaona: kila mchezaji wa Notre Dame alipoinua kichwa kutafuta wa kumpasia, kulikuwa na mtu wa Duluth kati yao. Mwisho Notre Dame walimtoa kipa wao, wakaongeza mshambuliaji, na Mzee akafumba macho. Akaniambia nimsimulie. Basi nikamtangazia, kwa Kiingereza na bila kujua kwa Kiswahili pia: wameipata, wanapiga, amezuia, Shepard amezuia, imetoka, imetoka nje, Mzee, imekwisha!

Alifumbua macho magongo na glavu zikiwa zimetapakaa hewani. Mechi zote nne za mashindano walizishinda kwa bao moja moja, lakini usiku ule haikuwa bahati tu: walipiga langoni mara 35, Notre Dame mara 20. Mzee alinifanya nimsomee takwimu hizo kutoka ubaoni mara mbili. Kuhlman, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa ameondoka Chicago mikono mitupu, alipokea kombe na akatajwa mchezaji bora wa mashindano.

Tulikaa hadi ukumbi ukabaki na wafagiaji. Kwenye maegesho, nikiwa nafunga mikanda ya kiti chake ndani ya gari, alitaka nimpigie rafiki yake wa Lake Placid, ambaye bado alikuwa hai Hibbing. Nikaiweka simu kwenye spika. Wazee wale wawili walizungumza njia nzima, kwanza kuhusu Thomas na Shepard, halafu kuhusu Humboldt, halafu kuhusu lile basi la shule na usiku mmoja wa dhoruba ambao wote wawili waliukumbuka tofauti.

Kabla ya mwaka kwisha Mzee alihamia kwa mpwa wake, huko huko Hibbing. Aprili 2019 Duluth walitwaa tena, safari hii Buffalo, wakiwafunga Massachusetts 3-0. Simu yangu iliita kombe likiwa bado halijainuliwa. Aliniuliza kama nimemwona Perunovich. Nikamwambia nimemwona, Mzee, hata alipokuwa hana kisahani.