Walipa upate kupumua?

Tangu Ijumaa neno hili limenikwama kooni kama mwiba wa tasi. Tonge za wali mkavu nimezimeza, halijashuka.

Mnaonifuata hapa mwamjua mavyaa wangu, mamake mume wangu. Si mkali. Angekuwa mkali ningepata pa kushika. Yeye husema polepole, macho yako kwenye kofia anayoshona, na wewe hujui kama umechomwa mpaka ufike nyumbani uvue buibui.

Ilikuwa kwa jirani, siku ya hina ya bintiye. Masinia yameondolewa, tumekaa ukumbini twasubiri kahawa, na wifi yangu ndiye aliyechokoza. Akataka kujua kwa nini kila Jumamosi asubuhi naonekana nikishika njia ya Shela na kimkeka cha zambarau kwapani. Nikasema naenda pilates. Mzaha wa pilau ukaja ukapita (huo nimeuzoea, hata mwalimu wetu, mtu wa Nairobi, siku hizi hujitania nao mwenyewe). Kisha mmoja akauliza huko hufanywa nini hasa. Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema ni mazoezi ya mgongo, ningenyamaza. Badala yake nikasema jambo la kwanza tunalofundishwa ni kupumua.

Mavyaa hakuinua uso. Akavuta uzi. "Mwana wangu, walipa pesa upate kupumua?"

"Ndiyo, mama, lakini si kupumua hivi hivi..."

"Shilingi ngapi?"

Nikazitaja. Mpaka leo sijui kwa nini nilizitaja.

"Haya," akasema. "Mungu akuzidishie pumzi."

Na ukumbi mzima ukaitikia: "Amin!"

Ile amin. Bibi harusi mwenyewe, mikono miwili imejaa hina mbichi, naye aliitikia.

Wiki hii mkubwa wetu afisini amehamishwa, posa ya kaka yangu imekubaliwa, na Baba Swabra amerudi kutoka Pate usiku wa manane, mashine ya boti imezimika, wamevutwa na wavuvi. Alhamdulillahi kwa yote. Lakini mimi nimebaki palepale ukumbini, natafuta jibu.

Jibu la usiku wa kwanza lilikuwa la kisomi. Ningemwambia, mama, Pilates ni jina la mtu. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, mtoto wa magonjwa, pumu haikumpa nafasi, akaukuza mwili wake kwa mazoezi mpaka ukawa wa kutazamwa. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta Uingereza, akatiwa kambini pamoja na Wajerumani wenziwe, na humo humo kizuizini akawa anawafanyisha mazoezi. Baadaye akavuka hadi New York, yeye na Clara, mkewe, wakafungua mahali pao, na wacheza densi wakawa wanamiminika kutibu magoti na migongo yao. Yeye mwenyewe aliyaita Kontroloji. Jina lake ndilo lililokuja kushika. Sasa fikiria nayasema hayo yote huku hina yakauka. Nusu ya ukumbi ingelala, na nusu nyingine ingeniombea dua ya pili.

Usiku wa pili nikajaribu kuwa daktari. Kwamba ukitoa pumzi polepole, msuli wa ndani kabisa wa tumbo, ule unaozunguka kiuno kama mshipi, hujikaza, na uti wa mgongo ukapata wa kuushika. Ndiyo maana pumzi hutolewa pale penye uzito: unapoinua kichwa, unapoinua miguu. Na mwajua mgongo wangu ulivyokuwa tangu ile wiki ya ukaguzi, nilipokuwa nainuka kwenye kiti kwa awamu tatu. Sasa nainuka mara moja. Ni jibu zuri. Lakini kila nikilisema kichwani, mavyaa anavuta uzi anasema "Haya", na mimi naanza upya.

Lile lenyewe lilikuja Jumatatu, saa tisa za usiku. Nilikaa kitako kitandani.

Mkaja!

Nilipomzaa Swabra, nani aliyenifunga mkaja? Yeye, kwa mikono yake, siku arubaini, kila asubuhi baada ya kunikanda kwa maji moto. Ananizungushia kitambaa tumboni, ananiwekea goti nyongani ili apate nguvu, kisha asema: "Toa pumzi. Yote. Toa." Nikishaitoa tu, anakaza. Mwalimu wa Shela hutuambia kitovu kiende kikaguse mgongo. Mavyaa hakuniambia kiende, alikipeleka mwenyewe.

Kwa hiyo aliyenifundisha kupumua ni yeye, tena bure, na ningalimwambia hivyo mbele ya ukumbi. "Mama, nimelipa kwa sababu wewe umestaafu." Nimelikariri mpaka najua pa kutua. Lakini limechelewa siku tatu. Harusi imekwisha, watu wametawanyika, na jibu kama hili huwezi kumwendea mtu nalo jikoni anapokuna nazi.

Basi Jumatano, baada ya alfajiri, watoto bado wamelala, nikapanda darini na kimkeka changu. Naanza na Mia. Ndilo la kwanza katika mazoezi 34 aliyoyapanga mzee Pilates kitabuni mwake mwaka 1945. Walala chali, wainua kichwa na mabega, miguu juu, mikono imenyooka ubavuni yapiga hewa kama mtu afukuzaye vumbi: mapigo matano wavuta pumzi, matano waitoa. Ni pumzi kumi, ndipo mia itimie. Mimi nikifika sitini hutamani kuweka kichwa chini. Siku hiyo nikakiweka.

Kutoka chini ya ngazi: "Zimesalia nne."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikachungulia. Yuko kwenye kidato cha chini, kofia mapajani, sindano mkononi, hatazami juu.

"Mama?"

"Jana ulipumua kumi. Na juzi kumi. Leo sita."

Nikarudi nikalala, nikazimaliza nne zangu, tumbo lote latetemeka. Nilipomaliza akasema tu, "Shuka, chai yapoa." Tukanywa chai kwa mahamri. Jibu la mkaja lilikuwa ncha ya ulimi, nikalishushia kwa chai.

Alikuwa akinicheka au akinihesabia? Nimemuuliza Baba Swabra, akaniambia nimuulize mwenyewe. Mwana hakosi kwa mama.

Alhamisi nikapumua kumi na moja, makusudi, ile ya mwisho kwa sauti. Kimya. Kisha kutoka chini:

"Hiyo ya nani?"

Nilicheka mpaka kimkeka kikanitoka mgongoni. Naye nilimsikia, nakuapieni, ile pumzi fupi ya puani ambayo kwake ndiyo kicheko.

Sasa kinachonisumbua ni samaki wa birika, lile la kuwekea maji ya nyumbani. Tulitia wawili ili wale viluwiluwi vya mbu, na tangu Jumanne namwona mmoja tu. Paka haingii mle, mlango twaufunga. Swabra aapa hakumtoa. Huyo aliyebaki amejibanza chini kabisa, na hata nikigonga ukuta wa birika hapandi.