Siku ya 62: kutwa na kucha na mbwa wangu, Goma

Saa kumi na moja alfajiri nimepiga magoti kwenye sakafu baridi, simu nimeibana kwa meno inimulikie, kipimajoto kimo makalioni mwa Bijou, mbwa wangu mwenye mimba. Jana asubuhi kilisoma 38.4, jioni 38.1. Sasa 37.0. Joto la jike mwenye mimba likishuka chini ya 37.2 hivi, mara nyingi anazaa ndani ya saa 24. Ni siku ya 62 tangu apandwe mara ya kwanza, na huwa wanazaa kati ya siku ya 58 na ya 68. Namwambia, "Bijou, mama, zaa mchana." Hajawahi kunisikiliza huyu.

Huku Ndosho, mtaa wetu wa Goma, wananiita Mama Mbwa, na si kwa heshima. Wanaona kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti, mbwa wazae, mimi nihesabu dola. Nafuga wale mbwa wachungaji wa Kijerumani (German shepherd), ambao hapa kila mtu anawaita berje. Wateja ni wengi, kwa sababu usiku wa Goma una mambo yake na kila mwenye geti anataka kitu cha kubweka nyuma yake.

Mpaka saa nne ni kufagia, kuosha, kuchota maji, kuchemsha sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na kuzichanganya na uji wa mahindi na soya kwa watoto sita wa Tina, jike langu jingine, wenye wiki 5. Mikono inanuka samaki hadi jioni.

Saa nne na nusu, jeep nyeupe inapiga honi getini. Anashuka papa mmoja, yaani bwana mmoja mkubwa, viatu vinang'aa, anatembea juu ya mawe yetu ya volkano kama mtu anayekanyaga mayai. Anamtaka dume mwenye kifua cheupe.

"Karibu, papa. Atatoka akifika wiki 8."

"Mama, macho iko wazi, iko inakula. Nini ingine?"

Hapo ndipo asubuhi yangu ilipoishia. Nikamweleza kwamba macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio siku chache baadaye, na huo ndio mwanzo wenyewe. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 mtoto wa mbwa anajifunza dunia: mtu ni nani, pikipiki ni nini, mbwa mwenzake anataka nini. Wakati huohuo Kifua Cheupe akamng'ata ndugu yake sikio. Ndugu akalia, akaondoka, akagoma kucheza. Kifua Cheupe akabaki amesimama, kichwa upande, hajui amekosa nini. Nikasema, "Umeona, papa? Somo hilo wewe huwezi kumfundisha."

Akacheka. Kumbe ana mpango wake: mtoto atafungiwa kwenye sanduku la giza, atapewa pilipili, asione mtu ila yeye, awe mkali. Haya ya giza na pilipili nayasikia kila mwezi, na kila mwezi najibu vilevile. Mbwa wa gizani anakua mwoga. Mwizi akija anajificha, mchana anamng'ata mtoto wako aliyekimbilia mpira. Papa akampigia simu shemeji yake ili shemeji anishawishi. Shemeji naye akanieleza pilipili.

Mwishowe akatoa noti ya dola 50, ya kushikilia nafasi. Nikaielekeza kwenye jua: imechanika pembeni, kipande kama ukucha wa mtoto. Nyinyi wa Goma mnajua, noti ya dola iliyochanika hakuna anayeipokea. Nikamrudishia. Akakasirika kwa noti kuliko alivyokasirika kwa mbwa. Jeep iliondoka saa saba kasoro, sijanywa hata chai, na Bijou tayari anachimba vitenge vyake na kutweta.

Mchana simu ya mteja wa zamani: mbwa wake wamekwamana, watoto wa mtaa wanawamwagia maji. Nikapiga kelele: waacheni! Dume huvimba ndani ya jike, wataachana wenyewe, dakika 5, wakati mwingine 30. Ukiwavuta unawaumiza wote wawili.

Jioni umeme ukakatika, kama kawaida yake siku ya kazi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na usiku ni baridi, na mtoto wa siku ya kwanza hana uwezo wa kujipasha joto. Akipoa, hata maziwa tumboni hayasagiki. Kwa hiyo makala, yaani mkaa, sufuria, maji ya moto kwenye chupa, chupa ndani ya kitenge. Wa kwanza alikuja kama saa mbili. Wa pili, wa tatu. Halafu kungoja. Nikasinzia nimeegemea ukuta, sijui kwa muda gani.

Wa nne alitoka kimya. Nikapasua ngozi iliyomfunika, nikampangusa mdomo, nikamwinamisha kichwa, nikamsugua kwa taulo. Hakuna kitu. Nikasugua tena hadi mikono ikaniuma, namtukana, namwomba. Akatoa sauti moja kama kifaranga aliyekanyagwa. Gramu 310 kwenye mizani ya jikoni. Wenzake wote wamepita 400. Nikamfunga uzi mwekundu shingoni, nikamweka kwenye chuchu apate dang'a, yale maziwa ya kwanza.

Simu ikawaka. Papa wa asubuhi: "Mama, noti nzima nimepata. Kesho nakuja kumtwaa."

Sikumjibu. Wa uzi mwekundu alikuwa amesukumwa tena na wakubwa, nikamrudisha kwenye chuchu za nyuma, zile zenye maziwa mengi, na Bijou akaanza kusukuma wa tano.