Siku rota ya Cierva ilipozunguka

Baba alikuja kututembelea Manchester wakati wa baridi, akakuta mezani kiwiliwili cha ndege isiyo na mabawa. Nilikuwa naunda mfano wa Cierva C.30A, autojairo (ndege inayobebwa na mapanga yanayozungushwa na upepo) iliyotengenezwa na kampuni ya Avro papa hapa Manchester miaka ya 1930. Sikununua boksi la vipande vya kuunganisha. Nilikuwa na ramani, picha nilizopiga za ile iliyotundikwa Science Museum kule London, mbao za balsa na vibomba vyembamba vya shaba.

"Mama, mabawa yako wapi?"

"Haina, Baba. Inabebwa na rota, yaani mapanga yanayozunguka huku juu."

Baba ni fundi seremala tangu ujana wake Tanga. Nilipomwambia kipimo ni 1:12 uso ulimkunjuka, maana kila futi ya ndege yenyewe inakuwa inchi moja kwenye mfano, na yeye futi na inchi ndiyo maisha yake. Rota ya futi 37 ikawa inchi 37, karibu sentimita 94. Akasogeza viti, akaomba msasa.

Basi mapanga matatu yakawa ya kwake. Aliyachonga ukingo wa mbele ukawa wa mviringo na wa nyuma mwembamba, akawa anayaweka kwenye mizani ya jikoni na kuyapitisha msasa tena hadi yakalingana uzito. Mimi nilishughulika na kitovu cha rota, na hapo ndipo penye siri yote ya autojairo.

Juan de la Cierva, Mhispania, aliazimia kuunda chombo kisichoanguka kwa kupungukiwa na mwendo, baada ya ndege yake kubwa ya injini tatu kuanguka mwaka 1919. Vyombo vyake vya kwanza vya rota vilipinduka. Panga linalokwenda mbele linakutana na upepo mkali zaidi kuliko lile linalorudi nyuma, hivyo upande mmoja unainuka na mwingine unalala. Dawa yake ilikuwa bawaba: kila panga likaachiwa lipande na kushuka lenyewe. Januari 1923, C.4 yenye bawaba hizo iliruka Getafe, karibu na Madrid. Kwangu huo ni ugunduzi mzuri kuliko wowote katika historia ya usafiri wa anga, na ndiyo maana sikukubali kugandisha mapanga kwa gundi ili mfano ukae tu kabatini. Nilikata vibomba, nikavitia tupa, nikapitisha pini kama sindano, nikalehemu nikiwa nimebana pumzi.

Baba aliyashika mapanga yakicheza juu chini, akatikisa kichwa. "Haya yamelala mno. Kititia cha makuti tunakikunja ndipo upepo ukisukume. Hili litazungukaje?"

Nikamwambia injini ya C.30 inaendesha propela ya mbele tu. Rota inalalia nyuma kidogo, upepo unapenya kutoka chini, na panga likishapata kasi upepo huohuo unalivuta liendelee. Alinisikiliza kwa adabu, lakini niliona hajaridhika.

Tukawasha feni. Mapanga yakatetemeka, yakasimama. Baba akanitazama. Nikamwomba ayasukume kwa kidole, kwa sababu hata C.30 yenyewe ilitumia injini kuizungusha rota kabla ya kuruka, kisha ikaiachia. Akasukuma polepole. Rota ikazunguka kivivu, ikashika mwendo, halafu ikavuma. Mwanzoni kabisa, kabla macho hayajashindwa kuyafuata, tuliliona kila panga likiinuka lilipoukabili upepo na kushuka lilipoupa mgongo.

"Lahaula! Bawaba inafanya kazi!"

Akampigia ami Tanga kwa video, simu mkono mmoja, mwingine ukimwonyesha kitovu. Alimweleza habari ya bawaba vizuri kuliko nilivyomweleza mimi. Ami akauliza, injini ikizimika angani je?

"Inashuka taratibu," Baba akajibu. "Rota haiitegemei injini, inazungushwa na upepo. Ngoja nizime feni uone inavyochelewa kusimama."