Overi Mbili za Centurion

Mpwa wangu siku hizi hata shikamoo haitumi, anaanza na kriketi moja kwa moja. Jumapili kanirushia picha ya matokeo ya zamani aliyoyachimbua mtandaoni: Afrika Kusini mikimbio 277 kwa wiketi 8 (wapigaji wanane wametolewa), Uholanzi 11 bila kupoteza wiketi, overi mbili za mipira sita sita, hakuna matokeo. Chini kaandika: "Mjomba, hawa walikimbia?"

Nilicheka. Kisha nikakumbuka ile sebule.

Ilikuwa Ijumaa, Novemba 26, 2021. Mimi na Juma tulikuwa bado tumepanga kwa yule mzee wa Laudium, kule Pretoria, na uwanja wa Centurion, ilikochezwa mechi hiyo, haukuwa mbali. Sheria ya mzee ilikuwa moja: siku ya kriketi hakuna kupita mbele ya runinga, hata kama nyumba inaungua. Jana yake Profesa Tulio de Oliveira, mwanasayansi wa Afrika Kusini, na wenzake walikuwa wametangaza kwamba wamegundua aina mpya ya kirusi cha korona, yenye mabadiliko mengi ajabu. Hata jina ilikuwa haijapewa. Jina Omicron ilipewa na WHO, Shirika la Afya Duniani, Ijumaa hiyo hiyo. Uingereza haikungoja ubatizo. Usiku wa Alhamisi ilishatangaza kuzuia ndege, na Ijumaa Uholanzi nayo ikafuata.

Na Waholanzi wenyewe wako pale uwanjani, wanarusha mpira.

Mzee alikuwa kwenye raha zake. Kyle Verreynne, mpigaji wa Afrika Kusini, alitolewa akiwa na mikimbio 95, mzee akashika kichwa kana kwamba ni mwanawe aliyefeli mtihani. Halafu mwenzake Andile Phehlukwayo akaingia na kuanza kuutuma mpira nje ya mpaka, mikimbio sita baada ya sita, na mzee kila mara anapiga paja na kutugeukia kuhakikisha tumeona. Tumeona, mzee. Lakini mimi na Juma macho yalikuwa kwenye simu. Kila nikiinua kichwa, nchi nyingine imefunga. Ndugu wa Dar wanauliza kama tuko hai.

Zikaja zile overi mbili. Wapigaji wawili wa Uholanzi wakatoka wamevaa kofia ngumu, wakatazama anga ambalo upande mmoja lilishaanza kuwa jeusi, mmoja akagongagonga ardhi kwa gongo lake, akajiweka sawa. Mpira wa kwanza, wa pili. Hakuna haraka. Unahitaji mikimbio 278, una overi hamsini, unajipa muda. Nilikuwa namtazama yule mtu na kujiuliza kama ameambiwa. Lazima alikuwa anajua. Simu anazo kama sisi. Ila mwili wake haukuonyesha chochote. Aliinama, akasubiri mpira, kama mtu ambaye Jumatatu yuko kwao.

"Huyu nchi yake imeshamfungia mlango," mzee akasema, "na bado anachagua mpira wa kupiga."

Juma, ambaye alishanyimwa viza ya Ulaya na hakuisahau, akajibu: "Acha naye aonje, mzee."

Mzee hakucheka. Mimi nilicheka kidogo. Kisha mvua ya Gauteng, jimbo lile letu, zile za radi zinazokuja kama zimetumwa, ikamaliza kila kitu.

Kesho yake ziara ikasimamishwa, mechi mbili zilizobaki zikaahirishwa. Waholanzi wakakaa kuhangaikia ndege, na baadaye wakaondoka. Tiketi yangu ya Desemba ilifutwa, hiyo nimeshawasimulia vya kutosha.

Ninachoshindwa kukiweka mahali pake mpaka leo ni kingine. Ijumaa ile ile, ndege mbili kutoka Johannesburg zilitua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, na abiria 600 hivi, na 61 wakakutwa na korona. Dunia ikasema: mnaona? Siku nne baadaye, Novemba 30, taasisi ya afya ya Uholanzi ikatangaza kwamba Omicron ilikuwemo kwenye sampuli zilizochukuliwa huko kwao Novemba 19 na 23. Yaani kirusi kilishafika Uholanzi kabla mpira wa kwanza haujarushwa Centurion. Walioadhibiwa ni Afrika Kusini, waliokuwa na maabara makini na midomo isiyoficha. Lakini nami sijui ningefanya nini ningekuwa waziri wa mtu, simu inalia usiku, hospitali zimejaa. Labda ningefunga. Labda ningefunga na mlango wa Juma.

Mechi mbili zilizobaki zilichezwa Machi 31 na Aprili 2, 2023, Benoni na Johannesburg, na Afrika Kusini ikashinda zote. Alama zake ziliisaidia kupata nafasi ya moja kwa moja Kombe la Dunia kule India, mzee akafurahi kana kwamba amezifunga yeye. Oktoba 17 mwaka huo huo, kwenye kombe hilo, mjini Dharamsala, Uholanzi hao hao wakaipiga Afrika Kusini kwa mikimbio 38.

Usiku ule mzee alinitumia ujumbe wa sauti. Hakunisalimu. "Wale watu," alisema, "tulikuwa nao hapa, ndege hakuna, mipaka imefungwa, tukawaachia waondoke."