Kaske ya baba, kuku ya mama na ruti ya Sake

Kwetu Katindo, hapa Goma, kulikuwa kaske moja nyeupe, kofia ngumu ya pikipiki, ya baba, ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Baba alikuwa veterineri, alikuwa anazunguka mashamba ya ng'ombe kule Masisi, na mu 1986 mradi wakamupa moto, pikipiki Yamaha AG100 mpya kabisa, ile ya kubeba mizigo nyuma na mbele, na kaske ndani ya karto yake. Moto aliipanda mpaka vita ya 1993 ilipofunga Masisi. Kaske aliivaa siku ya picha tu, ile picha mama angali nayo mpaka leo, baba amesimama pembeni ya moto, kaske kichwani, anacheka. Kiisha ikaenda kwenye msumari, siku moja ikaanguka, kuku ya mama akaingia ndani akataga, na tangu pale kaske ikawa kiota. Sisi watoto tulikuwa tunatumwa hivi: "Enda uangalie mayai mu kaske."

Nasimulia hii sio kumcheka baba yangu. Nataka muelewe kwetu kaske ilikuwa nini. Ilikuwa kitu ya bapadri wazungu na ya watu wa mradi. Mwanaume wa hapa alikuwa anafunga kichwa na kitambaa juu ya vumbi, anavaa koti juu ya baridi ya Masisi, basi, ameshajilinda. Baba alikuwa anasema: "Moto inajua mwenye kuipanda." Na miaka ile yote hakuanguka vibaya hata siku moja, alichomwa tu na eshapema, bomba ya moshi, kwenye mguu, alama ndogo, tulikuwa tunaigusa tukiwa wadogo.

Mimi nililishika lile neno lake kama sala. Moto inajua mwenye kuipanda.

Mbele ya moto kulikuwa chukudu, ile ya mbao ya gurudumu mbili, bila pedali. Mtoto wa Goma ambaye hajashuka mteremko na chukudu sijui kama nimwite mtoto wa Goma. Wakubwa walikuwa wanatoka Kibumba na viazi na makabishi, mizigo ya kutisha, wanateremka kwa kasi, freni ni kipande cha tairi unakanyaga na mguu kinasugua gurudumu ya nyuma, na sisi tulikuwa na zetu za udogo za kucheza. Tulikuwa tunaona nani atakawia zaidi kukanyaga freni. Mwenye kukanyaga kwanza ndiye mwoga, na jina la mwoga unakaa nalo mwezi mzima. Nilikatika kidevu mara mbili. Mama alilia, wenzangu walinisifu, na mtoto wa miaka 10 anasikia sifa ya wenzake kuliko machozi ya mama yake.

Kiisha Januari 2002 Nyiragongo ikatoka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, tukarudi tukakuta barabara ni mawe meusi yenye kukata. Gari zilikuwa zinateseka sana, moto zinapita popote. Hapo ndipo moto za taxi zikajaa Goma, na vijana kama mimi, shule imesimama-simama, pesa hakuna, tukajifunza kuendesha kwa siku mbili, ya tatu unabeba mtu. Permi hatukuwa nayo. Hakuna aliyetufundisha kona, hakuna aliyetuambia freni ya mbele inafanya nini kwenye mchanga wa lava. Tulifundishwa kuchenji vitesi na kupiga klakso. Na jioni lazima upeleke pesa ya patro, mwenye moto, kila siku, mvua ao jua, kwa hiyo unakimbia, juu mwenye kukimbia anabeba watu wengi na mwenye kutembea polepole moto inachukuliwa anapewa mwingine. Hii watu wanaisahau wanapotukana motari kwamba ni wakichaa. Ukichaa uko, mimi nilikuwa nao, lakini njaa pia ilikuwa inakaa kwenye gido, pale unashika na mikono.

Mwaka 2005, siku ya pili kisha ndoa fulani huko Sake, tulirudi Goma watu watatu kwenye moto moja. Mimi ndiye niliendesha. Nilikuwa na miaka 20. Taa ya mbele ilikuwa imeungua tangu juma lililopita na pesa ya kununua ampuli nilikuwa nayo, nilinunua nayo shati ya ile ndoa. Giza ilishaingia. Tulikuwa tunaimba. Karibu na Mugunga kulikuwa kamio, lori, imekufa pale pale kwenye ruti, bila taa, dereva ameweka majani tu nyuma kama alama, na hayo majani niliyaona nikiwa tayari juu yake. Nikakata upande wa kushoto.

Mimi nilichunika mkono na kiuno. Wa nyuma kabisa alivunjika mfupa wa bega. Wa katikati, rafiki yangu tangu primeri, tulikaa benchi moja, kichwa chake kilipiga kwenye jiwe la lava pembeni ya ruti. Damu haikuwa hata nyingi, ndiyo maana nilifikiri ni kitu kidogo, nilikuwa namuita anaitika, kiisha akaacha kuitika.

Aliishi. Siku 11 hakujua mtu. Leo ana miaka arobaini na kitu, anakaa kwa mama yake Ndosho, anatembea, anacheka, anapenda kuongea mambo ya zamani na hayo anayakumbuka vizuri kuliko mimi, lakini jambo la asubui jioni limeshapotea. Jua kali inamuumiza kichwa. Na tangu siku ile hasikii harufu. Hakuna kabisa, hata moshi, hata sambaza, samaki wadogo wa ziwa, zikikaangwa mbele yake.

Miaka mingi nilijiambia ilikuwa ile kamio. Halafu nilijiambia ilikuwa ampuli. Ni juzi tu, mtu mzima mwenye watoto, nilianza kufikiria neno la baba na nikaona fasi lilikosea. Baba hakuanguka, ni kweli, lakini ruti yake ilikuwaje? Matope, mawe, vilima vya Masisi, huwezi kupita 30 kwa saa hata ukitaka. Magari yalikuwa machache, unakutana na moja unamjua dereva wake na watoto wake. Ng'ombe ndio walikuwa hatari yake kubwa. Sisi tulirithi ushujaa wa ile ruti tukauleta kwenye ruti nyingine, yenye makamio, mabasi, moto elfu na elfu. Na sasa wameweka gudro, lami, kwenye avenyu nyingi za mji, tulifurahi sana, mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia, lakini ile mashimo tuliyokuwa tunalaani ndiyo ilikuwa inatupunguzia vitesi. Kutoka Signers kwenda Entrée Président leo kijana anafungua gazi kama vile ruti ni yake peke yake, na abiria wawili nyuma, na mtoto katikati. Anafanya kile tulichofanya sisi. Ila yeye akianguka anaanguka kwa kasi ambayo AG100 ya baba haikuwahi kuiona.

Binti yangu ana miaka 19, anasoma mambo ya uuguzi. Mwaka jana alifanya staji kwenye sali ya majeruhi ya hospitali moja hapa mjini. Alikuwa anarudi nyumbani hali chakula, haongei, anaosha mikono kwa muda mrefu. Usiku wa nne ao wa tano akaniuliza:

"Papa, kaske ya nkambo iko wapi?"

Iko kwa mama, nikamwambia. Tukaenda siku ya Mungu. Mama aliitoa chini ya kitanda, alikuwa ameisafisha vizuri, kuku ni hadithi ya zamani, na mimi nilifurahi moyoni kwamba kitu cha baba kitapata kazi tena, nikamwambia binti: "Chukua, mama yangu, ni yako." Yeye akaigeuza, akaweka kidole gumba ndani, kwenye ile povu nyeupe ngumu, akabonyeza. Povu likavunjika kama mkate mkavu. Akaniambia polepole, juu nkambo wake mwanamke alikuwa anasikiliza: "Papa, hii haisaidii tena mtu." Akanieleza kwamba gamba la juu sio ndilo linaokoa, ni ile povu ya ndani, inakubali kupondeka ili ubongo usipondeke, na ikishapondeka mara moja ao ikizeeka, kazi yake imekwisha. Kaske iliyoanguka na mtu haivaliwi tena hata kama juu inang'aa. Nilikuwa sijui. Watu wangapi wananunua kaske okazio, zilizokwisha kuvaliwa, pale Birere bila kujua?

Ni yeye pia aliniambia Shirika la Afya Duniani linaandika kwamba kaske ikivaliwa vizuri inapunguza hatari ya kufa zaidi ya mara 6, na kuumia ubongo mpaka asilimia 74. Ikivaliwa vizuri, maana yake kamba imefungwa chini ya kidevu, sio kaske inakaa juu ya kichwa kama sahani. Akanisomea na habari ya Mwingereza mmoja, T. E. Lawrence, askari maarufu wa vita ya kwanza, mu 1935 alikata gido juu ya kukwepa vijana wawili wenye baiskeli, akaanguka bila kaske, akafa kisha siku 6. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuacha ile kesi ipite, mu 1941 akaandika juu ya vichwa vya wapanda moto na jeshi la Uingereza likaanza kulazimisha kaske kwa wale wa kubeba barua. Raia wao wote wenye kupanda moto walilazimishwa mu 1973 tu. Miaka 38! Nilipiga hesabu hiyo nikanyamaza, juu na mimi nilikata gido, na mimi nilijua tangu 2005 kichwa kinafanywa nini na jiwe, na watoto wangu nimewapandisha moto bila kaske karibu miaka 20.

Sasa binti amenunua yake, mpya, amekusanya pesa miezi mitatu. Anapanda moto ya taxi nayo, anashuka nayo, anaingia nayo oditwari, mule mwa masomo. Wenzake wanamuuliza kama amekuwa motari. Ng'ambo ya petite barrière, fasi ya kuvukia mpaka, kule Gisenyi, abiria bila kaske hapandi, na yule yule mama wa Birere akivuka asubui anaivaa bila neno, akirudi huku jioni anaikataa, anasema nywele, anasema chawa, anasema jasho la watu. Kwa jasho sitamkatalia, kaske moja kwa vichwa 40 kwa siku ni uchafu wa kweli, na patro anayedai pesa yake kila jioni angeweza kununua mbili na kufua kitambaa cha ndani. Sijaona anayefanya.

Juma lililopita binti alinisindikiza Ndosho kusalimia rafiki yangu. Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo, amemwachia mwanaye sufuria ya sambaza kwenye makala. Rafiki yangu akaona kaske kwenye magoti ya binti, akaiomba. Akaivaa. Alitafuta kamba, vidole vikakosea mara mbili, binti akataka kumsaidia, akakataa, akafunga mwenyewe mpaka ikasema tak. Akakaa nayo hivyo, ananiangalia, na mimi nikaangalia chini, hakuna aliyesema kitu, mpaka tukasikia mama mzee anapiga kelele kutoka kwenye kamba ya nguo kwamba sambaza zinaungua.